Ng'ombe Wanane wa Limi

Mimi Selestine ni karani wa baraza hapa Didia kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, kama bado ni karani, maana hilo tutalijua Jumatatu. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu. Sipendi porojo. Mtu akija kwangu na kesi ya mbuzi, kisha aanze kunisimulia babu yake alihamia lini, namkata kauli: bwana, mbuzi yuko wapi? Lakini habari ya Bujiku siwezi kuianzia kwenye mbuzi. Itabidi nianzie mbali kidogo, na mwenye haraka aende zake.

Bujiku alikuwa rika langu. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kukusikiliza mpaka unajiona mjinga kwa kusema sana. Alimwoa Limi mwaka 1931. Limi alikuwa binti wa Mbuke, mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka mnadani, na mahari yake iliafikiwa kuwa ng'ombe ishirini. Kumi na wawili walitolewa siku ya kwanza, mbele ya kijiji kizima, watu wakala, wakanywa, wakapigana kidogo kama kawaida. Wanane walibaki.

Kubakiza si jambo geni kwetu. Wengine hubakiza mpaka wanakufa, na hapo ndipo baraza linapopata kazi. Lakini kubakiza kuna bei yake. Mke ambaye mahari yake haijakwisha husemwa kisimani, husemwa shambani, akigombana na mwenzake huambiwa arudi kwao akaulizie mkia wake, yaani ng'ombe ambaye hajafika. Na watoto wake ni wa kwao mama. Baba atawalisha, atawavisha, atawafundisha kuchunga, lakini akifa hawarithi hata kwato, mpaka mahari iliyobaki ilipwe. Ndivyo ilivyo, na mimi nimeandika hukumu za namna hiyo zaidi ya nywele nilizobakiwa nazo.

Bujiku hakuwa mtu wa kubakiza. Mwaka wa pili Limi akawa na mimba ya miezi saba, naye akataka mtoto azaliwe kwake, asizaliwe kwa wakwe. Shida ikawa sotoka. Ugonjwa uliingia kwenye mifugo, Serikali ikaweka karantini, na mtu kuhamisha ng'ombe kutoka zizi moja kwenda jingine lilikuwa kosa la kufungwa. Wanane wa Bujiku walikuwa kwa mjomba wake, ng'ambo ya mbuga. Akaja kwangu asubuhi, akasema, "Selestine, chukua fimbo."

Tuliwaswaga saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, saa ambayo mlinzi wa karantini alikuwa amelala chini ya gari lake la kukokotwa na kofia usoni. Tulimpita karibu kiasi cha kusikia anavyokoroma. Nilikuwa na hofu. Tulipofika, mzee wa nyumba, baba yake Limi, aliwatazama mmoja mmoja, akafunga lango la zizi kwa miiba, akasema neno hili lisitoke nje ya ua, asije akafungwa uzeeni kwa ajili ya mahari. Mbuke akatuletea maziwa ya mgando. Majirani walipoona ng'ombe wameongezeka walidhani ni wa kutunziwa, kwa kuwa hapa kila zizi lina ng'ombe wa mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza.

Basi walioshuhudia wale wanane wakifika walikuwa wanne: mzee, Mbuke, Bujiku na mimi, na hata karantini ilipoisha hatukulitangaza, kwa hofu ya kosa lile. Shikilia hilo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, wakamwita Maganga. Mwaka wa 1938 Bujiku akaenda kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Walimweka chini, kwenye kikosi cha kupiga nguzo. Wachimbaji wakisonga mbele, watu wa nguzo wanafuata nyuma na magogo, wanayasimamisha kushoto na kulia, wanatia boriti juu, wanakaza kwa kabari, ili mlima usiwaangukie. Alikuwa hodari. Aliniambia kwamba jiwe lenye nia mbaya hulia kwanza, na mtu wa nguzo ni yule anayelisikia. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki huko. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, akikuta pamba imevunwa na Maganga ameongezeka kimo.

Anayeijua Didia anajua kiangazi chake. Mto unakauka, unabaki mchanga, na maji yamejificha chini ya mchanga. Wanawake wanachimba. Mwezi wa saba shimo linafika kiunoni. Mwezi wa kumi linamfunika mtu mzima, naye anaingia na kibuyu, anangoja maji yajikusanye, anateka kidogo kidogo, anampokeza mwenzake aliye juu. Kila mwaka tunasema tufanye kitu, kisha mvua inanyesha tunasahau. Tunajua kusahau sana sisi.

Mwezi wa kumi, mwaka 1946, shimo lilimfukia Limi. Wenzake wawili waliokuwa juu walichimba kwa vibuyu na mikono mpaka kucha zikatoka damu, na walipomfikia alikuwa amekwisha kufa. Bujiku alifika siku ya nne, juu ya lori la pamba. Hakwenda kaburini kwanza. Alitaka nimpeleke mtoni. Akasimama pembeni ya lile shimo, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limejifukia lenyewe na hata huwezi kujua kama kuna mtu alikufa pale, akalitazama kwa muda mrefu sana.

"Nguzo mbili," akasema. "Nguzo mbili na ubao mmoja, Selestine."

Aliketi kwenye mchanga akalia, nami nikaketi naye.

Alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka wa 1950, kifua kimeharibika. Akipanda kijimwinuko cha kwangu alisimama mara tatu. Hata hivyo, mwezi wa pili tu baada ya kufika, akaanza kuchimba kisima nyuma ya mnada, mahali alipopachagua mwenyewe baada ya kuzunguka siku nyingi akigonga ardhi kwa kisigino. Alikichimba peke yake na kukipigia nguzo kama za mgodini. Watu walikwenda kumtazama kama wanavyokwenda kutazama lori lililokwama. Aliposhuka kama kimo cha watu watatu akakuta mwamba, na mwamba ukamshinda. Si kwamba hakujua la kufanya. Alijua vizuri kabisa: walihitajika mafundi wawili wa Geita wenye patasi na baruti, na saruji, na chuma cha kuvutia ndoo. Vyote hivyo ni ng'ombe. Alipiga hesabu akaona wanane watatosha.

Lakini njaa ya mwaka 1949 ilikuwa imempunguzia zizi, na Maganga alikuwa anafikia umri wa kuoa. Bujiku hakutaka kumkosesha mwanawe mke. Akaamua kungoja ng'ombe wazae, wapatikane wa kisima na wa kijana. Alingoja miaka minne. Walipotosha, yeye mwenyewe akawa hawezi kuinuka kitandani. Na kwetu mtu akishalala hivyo, ng'ombe wake hawatoki zizini kwenda kuuzwa mpaka apone au azikwe. Ukoo unakaa langoni. Alichokuwa amebakiwa nacho ni mdomo wake na kalamu yangu.

Akaniita. Ilikuwa mwaka 1954, mwezi wa tano. Nikamkuta ameegemezwa kwenye magunia ya pamba.

"Andika wosia," akasema. "Ng'ombe wanane ni wa kisima cha watu wote. Waliobaki ni wa Maganga."

Nikaweka kalamu chini. Nilimwambia ukweli kwa sababu alikuwa rafiki yangu. Nilimwambia, baraza litaniuliza huyu Watu Wote ni nani, baba yake ni nani, na alimpa nini marehemu. Nilimkumbusha mzee mmoja wa upande wa pili wa reli aliyeacha ng'ombe watano kwa kanisa, kwa karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe kwa wino mzuri, na udongo wa kaburi haujakauka ukoo ukawa umeshagawana, na wazee wa baraza wakasema sawa, ng'ombe ni wa ukoo, marehemu alikuwa na homa.

"Hakuna kitu kinachotoka kabla ya warithi?" akauliza.

"Kipo kimoja tu," nikasema, bila kufikiri. "Mahari iliyobaki."

Laiti ningefunga mdomo. Alinitazama kwa jicho lile lile alilotazamia ardhi alipokuwa akitafuta maji.

"Andika," akasema. "Mimi Bujiku sijamaliza mahari ya mke wangu Limi. Ng'ombe wanane bado."

Nilikasirika. Nilimwambia ananitaka niandike uongo. Akakohoa mpaka akatulia, kisha akaniuliza nimeandika uongo wa watu wangapi tangu nianze kazi. Nikasema wengi, lakini niliuandika kama walivyousema, sikujua kuwa ni uongo. Akasema, "Basi huu unaujua. Andika."

Nikaandika. Mtu asiniulize kwa nini. Nilikuwa nimelala mara nyingi nikiziona zile kucha za wanawake wawili.

Lakini karatasi peke yake haikutosha. Mahari ina pande mbili, na anayejua kama imefika ni aliyepokea. Baba yake Limi alikwisha kufa, mtoto wa kiume hakuacha. Aliyebaki ni Mbuke, na ng'ombe wakija ni wake kuamua. Ilibidi yeye akubali kusema mbele ya watu kwamba hawakufika, kisha awapokee, kisha awatoe kwa ajili ya kisima. Ikabidi aambiwe.

Sasa Mbuke ni mkwe, na mkwe hakai na mkwewe. Tangu siku ya harusi Bujiku hakuwahi kumtazama usoni. Wakikutana njiani mmoja aliingia kwenye mtama. Kwa hiyo Mbuke alikuja akaketi nje, mgongo wake ukiwa ukutani, na Bujiku amelala ndani upande wa pili wa ukuta huo huo, nami nimesimama mlangoni nikipeleka maneno na kuyarudisha, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana.

"Mwambie mayu kwamba namheshimu," Bujiku akasema kutoka ndani, akimwita mama kwa lugha yetu.

"Anakuheshimu," nikamwambia Mbuke.

"Marahaba. Mwulize ananitakia nini."

Nilimweleza yote. Mbuke alikuwa mwembamba, mkavu, na mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Mwambie," akasema, "mwanangu alikaa kwake miaka kumi na minne akiwa amelipiwa. Alikuwa akipita mtoni kichwa juu. Nilimlea mimi, na hilo ndilo nililojivunia. Sasa anataka nisimame mbele ya watu niseme Limi alikaa kwa mtu bure."

Bujiku aliugeukia ukuta. Kisha akasema, na safari hii hakunitumia mimi, alisema na ukuta:

"Mayu, najua ninachokuomba. Nisingekuomba kama ningekuwa na pumzi ya kuchimba."

Mbuke akainuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Bujiku aliniuliza kila siku kama ameleta neno, nami kila siku nilimwambia bado. Alikufa siku ya kumi na moja, hajui.

Siku ya kumaliza matanga uwanja ulijaa. Ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikuwepo na wazee wake. Maganga aliketi mbele, kijana wa miaka ishirini na mmoja, kichwa kimenyolewa, na kila mtu alijua kwamba alikuwa na mchumba Tinde na watu wa Tinde wanataka ng'ombe kumi na sita. Pembeni yake aliketi Ngassa, mdogo wake Bujiku, ambaye alikuwa amekaa Tanga kwenye mkonge miaka mingi na kurudi na saa isiyotembea. Ngassa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesubiri.

Nikasoma wosia. Nilipofika kwenye wanane, Maganga akasimama.

"Si kweli," akasema. "Baba alimaliza. Siku zote alisema amemaliza."

"Uliona?" Ngassa akamwuliza.

"Sikuwa nimezaliwa."

"Mimi nilikuwa Tanga," Ngassa akasema. "Walioona waliona kumi na wawili. Na marehemu mwenyewe amesema kwa mdomo wake wa mwisho. Kama hawajafika, basi hilo tulijue mapema, maana wewe utakuwa mtoto wa kwao mama, na mambo ya zizi hili tutayazungumza vingine."

Uwanja mzima ukaelewa, na Maganga akaelewa wa mwisho. Akikubali deni, analilipa, anapoteza ng'ombe wanane na harusi inasogea mbele misimu miwili. Akilikataa na ikaonekana lipo, anapoteza vyote. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea. Ng'wanangwa akanigeukia mimi.

"Karani, wewe ulikuwa rafiki wa marehemu. Unajua lolote?"

Nilikuwa nimeinamia karatasi. Nikasema, "Mwenye kujua ni aliyepokea." Ni jibu la kikarani. Si uongo, na ni jibu la mwoga.

Wakamwita Mbuke. Alikuwa ameketi na wanawake, hakuja mbele, alisimama pale pale alipokuwa. Ng'wanangwa akamwuliza kwa adabu kama mahari ya binti yake ilikwisha. Nilidhani atasema ukweli. Nusu yangu ilitaka aseme.

"Binti yangu aliondoka kwangu mzima," akasema. "Alikwenda kuteka maji ya kupikia, akaletwa na mchanga mdomoni. Nilimwosha mimi. Leo mnaniuliza kama mahari yake imekwisha." Akasita. "Haikwisha. Bado wanane."

Akaketi. Wanawake waliokuwa karibu naye, nawakumbuka kwa majina lakini siwataji, walitazamana.

Maganga hakungoja hukumu. Aliondoka pale, akaenda zizini, akafungua lango mwenyewe, akawatoa wanane. Alipompita bibi yake hakumsalimia. Kwa miaka mitano iliyofuata hakumwamkia, na mtu wa Didia asiyemwamkia bibi yake anatazamwa kama mgonjwa.

Mbuke aliwauza mnadani juma lile lile. Kila mmoja alidhani atajenga nyumba. Mwezi wa tisa alikuja mtu kutoka Geita, Valerian, Mkristo mnene mwenye kucheka, aliyekuwa kikosi kimoja na Bujiku chini ya ardhi, na mwenzake mmoja. Walishuka kwenye shimo la Bujiku. Valerian alipandisha kichwa akasema nguzo zimepigwa na mtu anayejua kazi, hatazigusa. Walivunja mwamba siku ishirini na sita. Maji yakatoka mwezi wa kumi, mwezi ule ule aliofia Limi, tena mengi, matamu, na wakakijengea kisima mawe na saruji mpaka juu, na ubao wa kufunika. Tangu hapo hakuna mwanamke wa Didia aliyeingia kwenye mchanga. Hilo nalisema kama karani: hakuna hata mmoja.

Watu wakakiita Kisima cha Deni. Aliyeanza ni Ngassa, kwa utani, na jina likashika.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na mpaka leo haijaisha. Wanawake wakiwa pale kwenye foleni, mmoja akimsukuma mwenzake, utasikia, "Usinitishe, mimi si Limi, mimi nimelipiwa mpaka mkia wa mwisho." Mume akichelewa kuleta ng'ombe, utasikia, "Kwani wewe unanifanya Limi?" Watoto wa miaka kumi wanasema, hawajui Limi ni nani. Wanasema huku wanavuta maji, na maji yenyewe ndiyo hayo. Na Mbuke alikuwa anateka hapo hapo. Nilimwona kwa macho yangu siku moja, mwaka 1956, nyuma ya wasichana wawili wakirushiana neno hilo na kucheka. Zamu yake ilipofika alivuta ndoo, akajaza mtungi, akajitwisha, akaenda zake.

Nilimfuata njiani. Nilimwambia inatosha, nitasema. Nitasimama barazani niseme wanane walifika, niliwaswaga mwenyewe.

"Ukisema leo," akaniambia, "Maganga atadai wanane wake kwangu. Nami sina. Wamekwisha kuwa mawe na saruji. Baraza litampa kisima. Atakizungushia miiba, na watu watarudi mtoni."

"Basi lini?"

"Nikifa hatakuwa na wa kumdai," akasema. "Ngoja nife, baba. Sitachelewa sana."

Alichelewa miaka mitatu. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kufa upesi. Amekufa juma lililopita, na jana tumemaliza matanga yake. Wakauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, anayemdai au anayedaiwa naye. Jirani mmoja akataja jembe. Mwingine akasema hana neno ila shukrani. Nikasimama.

Nilisema yote: mbuga, mlinzi aliyelala, miiba ya lango, maziwa ya mgando. Nilisema ng'ombe wanane wa Limi walifika mwaka 1932, saa nane mchana, na kwamba wosia wa Bujiku niliuandika mimi nikijua ni uongo, na kwamba Mbuke alisema uongo huo siku moja na kuulipia kila siku aliyokwenda kuteka maji. Ng'wanangwa alikuwepo, akasikia, ndiyo maana nikasema kuhusu kazi yangu tutajua Jumatatu.

Maganga alisimama. Sasa ana mke, yule yule wa Tinde, ana watoto wawili, na ana ndevu za baba yake. Nikajua atadai. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia achukue ng'ombe wangu, ninao watano, na wengine watatu nitawatafuta. Akanigeukia.

"Mama alilipiwa?" akauliza.

"Alilipiwa."

"Wote ishirini?"

"Wote ishirini. Kabla hujazaliwa."

Akajifuta uso kwa kiganja. Akageuka akatazama nyuma, walikoketi wanawake, wengi wao wakiwa wamekuja na mitungi ili wapitie kisimani wakati wa kurudi.

"Karani," akasema, "rudia. Sema kwa sauti. Wale wa kule nyuma hawakusikia."

Nikarudia.